FRANK CARPENTER: MAISHA YA MSAFIRI WA WASIOSAFIRI

1.0 Utangulizi

Katika uchunguzi wa fasihi ya safari zilizofanywa Afrika Mashariki, wataalamu wamezoea kuyapa nafasi ya kwanza maandishi ya wapelelezi wa karne ya 19, kama vile Burton, Livingstone na Stanley. Maandishi ya kizazi kilichofuata hayajashughulikiwa kwa kiasi hicho. Hayo ni maandishi ya watu waliokuja baada ya njia kufunguliwa, wakiwa na tiketi ya meli na ya gari moshi mfukoni, nao hawakuandika ili wagundue mto au mlima, bali waliandika ili wamfurahishe na kumfundisha mtu aliyebaki nyumbani. Msomaji wao alikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni mtalii aliyekuwa akijiandaa kufunga mizigo yake. Wa pili, naye ndiye aliyekuwa mwingi zaidi, ni yule ambaye hakuwa na nia wala uwezo wa kusafiri, ambaye alizunguka dunia akiwa ameketi kitini pake baada ya chakula cha jioni.

Makala haya yanasimulia maisha ya mmoja wa waandishi waliojulikana sana katika kundi hilo, yaani Mmarekani Frank George Carpenter (1855–1924). Sababu za kumchagua ni mbili. Kwanza, yeye alipita katika nchi zetu na kuziandikia vitabu. Pili, vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyowafundisha watoto wengi wa Marekani Afrika ni nini, wakati ambapo Mwafrika mwenyewe hakuwa na nafasi ya kusema lolote katika vitabu hivyo. Hoja ya makala haya ni kwamba uwezo wa Carpenter na upungufu wake vilitoka katika chemchemi moja, nayo ni uaminifu wake mkubwa kwa msomaji aliyeketi kitini. Alimjua msomaji huyo kuliko alivyowajua watu aliowaandika.

2.0 Utoto, Elimu na Kalamu ya Gazeti

Carpenter alizaliwa tarehe 8 Mei 1855 katika mji wa Mansfield, jimbo la Ohio. Ohio ya wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba, viwanda vidogo na makanisa, na watu wake walikuwa na tabia ya kuthamini elimu yenye manufaa. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Wooster kilichomo humo humo Ohio, akahitimu mwaka 1877. Muda mfupi baadaye aliingia katika kazi ya uandishi wa habari, akawa mwandishi wa gazeti la Cleveland Leader.

Mwaka 1882 gazeti hilo lilimpeleka Washington, makao makuu ya serikali ya Marekani. Huko alianza kuandika barua za magazetini kwa kutumia jina fupi la Carp. Barua hizo hazikuwa hotuba za siasa. Zilieleza jinsi wakubwa walivyoishi: nyumba zao, karamu zao, mavazi ya wake zao, mishahara yao, na namna walivyopanda na kushuka. Msomaji wa Cleveland ambaye hangeweza kualikwa Ikulu aliingizwa humo kwa maneno. Kwa hiyo kabla hajavuka bahari yoyote kwa ajili ya kazi hii, Carpenter alikwisha kujifunza jambo lililokuwa msingi wa maisha yake yote ya uandishi. Watu hulipa ili wapelekwe mahali wasipoweza kufika, na hupenda kupelekwa na mtu anayefanana nao.

Mwaka 1883 alimwoa Joanna Condict. Binti yao Frances, aliyezaliwa mwaka 1890, ataonekana tena katika masimulizi haya, kwani alikuja kuwa msaidizi mkubwa wa baba yake na baadaye mrithi wa kazi yake.

3.0 Barua Moja kwa Wiki

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa mabadiliko. Carpenter alifanya mapatano na magazeti na majarida kadhaa kwamba atazunguka dunia pamoja na mkewe, na kwamba kila wiki ataandika barua moja ambayo itachapishwa na wote. Idadi ya wachapishaji hao ilikuwa kumi na wawili. Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndio ulioamua umbo la maandishi yake. Gazeti moja la mji wa kati halikuwa na uwezo wa kugharimia mwandishi nchini China au Misri, lakini magazeti kumi na mawili yakichangiana, mzigo ukawa mwepesi. Nauli ilipatikana katika barua, na barua zikapatikana katika nauli. Msafiri aliyekosa kuandika wiki hii angekosa njia ya kuendelea na safari wiki ijayo.

Matokeo ya utaratibu huo yanaonekana katika mtindo wake. Barua ya Carpenter haina subira ya kungoja jambo lifahamike kwa undani. Inaanza mahali maalumu, mwandishi akiwa amesimama juu ya jambo lenyewe. Alipenda kumwarifu msomaji kwamba maelezo ya piramidi yaliandikwa kwenye piramidi, na ya mfereji wa Suez yaliandikwa majini humo humo au mara tu baada ya kuuvuka. Kisha barua hutoa hesabu: urefu, uzito, bei, ujira wa kibarua kwa siku, idadi ya marobota ya pamba. Halafu hulinganisha kila kitu na kitu cha Marekani. Mto hupimwa kwa mto wa nyumbani, na mji hupimwa kwa mji ambao msomaji ana jamaa yake.

Carpenter hakuwa peke yake katika biashara hii. John Stoddard alikuwa akijaza kumbi kwa mihadhara ya safari iliyoambatana na picha za kumulikwa ukutani, na Burton Holmes alimfuata katika kazi hiyo hadi katikati ya karne ya 20. Kwa mtalii halisi palikuwa na vitabu vya mwongozo vya Baedeker na meli za kampuni ya Thomas Cook katika mto Nile. Tofauti ya Carpenter ni kwamba yeye hakuhitaji ukumbi wala tiketi. Alimfikia mkulima na mwenye duka katika gazeti lile lile ambamo walisoma bei ya ngano.

Safari zake zilikuwa nyingi, nasi hatuwezi kuzieleza zote hapa. Itoshe kutaja ile ya Amerika ya Kusini ya mwaka 1898, ambayo ilizaa kitabu kikubwa kilichotolewa mwaka 1900. Jalada lake lilimwarifu msomaji kuwa ilikuwa safari ya maili 25,000 iliyofanywa kwa kutafuta maarifa. Maelezo hayo ya jalada yanafaa kuchukuliwa kama muhtasari wa mtu mwenyewe. Maili ni nyingi na zimehesabiwa, na maarifa ni bidhaa inayotafutwa na kuletwa nyumbani. Kwa mapato ya kalamu yake, pamoja na biashara ya viwanja na majumba mjini Washington, Carpenter alikuwa tajiri.

4.0 Safari ya Darasani

Kama Carpenter angebaki magazetini tu, huenda jina lake lingesahaulika upesi zaidi. Lakini kuanzia mwaka 1897 alianza kutoa vitabu vya kusomwa shuleni katika somo la jiografia. Cha kwanza kilihusu Asia. Kilifuatwa na Amerika ya Kaskazini mwaka 1898, Amerika ya Kusini mwaka 1899, Ulaya mwaka 1902, Australia na visiwa vya bahari mwaka 1904, na hatimaye Afrika mwaka 1905. Baadaye aliongeza mfululizo mwingine ulioeleza jinsi dunia inavyolishwa, inavyovikwa na inavyopata makazi. Vitabu hivi vilitumika katika shule za Marekani kwa miaka mingi.

Kabla ya hapo, jiografia ya shuleni ilikuwa orodha ya majina ya kukariri: mito, milima, miji mikuu. Carpenter aliibadilisha ikawa safari. Watoto wa darasa hupanda meli pamoja naye, hufika bandarini, hutembea sokoni, huingia kiwandani na kuona jinsi chai inavyokaushwa au jinsi mpira unavyokamuliwa mtini. Hapana shaka kwamba hii ilikuwa hatua njema katika ufundishaji. Mtoto aliyeona kwa macho ya moyo jinsi kikombe cha kahawa kilivyotoka shambani hadi mezani kwao alijifunza kwamba dunia imeungana, na kwamba chakula chake ni jasho la mtu mwingine.

Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hana budi kuuliza swali la kisarufi, nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Vitabu hivi vinasimuliwa katika nafsi ya kwanza wingi. Kwa Kiswahili tungesema kwamba vinasimama juu ya kiambishi tu-: tunapanda, tunashuka, tunaona, tunashangaa. Je, ni nani waliomo ndani ya tu- hiyo? Waliomo ni mwandishi na watoto wa Marekani. Mtoto wa Mombasa, wa Cairo au wa Canton hayumo. Yeye amewekwa katika wa- na m-, upande wa kutazamwa. Anaweza kuelezwa kwa huruma, hata kwa mapenzi, lakini hawezi kuuliza swali, wala hawezi kumgeukia msafiri na kumtazama. Tukumbuke pia kwamba Carpenter hakulibuni jambo hili, bali lilikuwa desturi ya vitabu vya enzi yake. Alilolifanya yeye ni kulifikisha kwa ustadi katika madarasa mengi mno, kwa wasomaji wadogo ambao hawakuwa na kitabu kingine cha kulipimia.

5.0 Kutoka Cairo hadi Kisumu

Tuje sasa katika sehemu inayotuhusu kwa karibu. Carpenter aliijua Misri tangu ujana. Alifika huko mara ya kwanza siku za vuguvugu la Arabi Pasha, kabla Waingereza hawajaipiga Alexandria kwa mizinga mwaka 1882. Alirudi baadaye akazungumza na Khedive Tawfiq, na miaka kadhaa baadaye akapokewa na mwanawe, Abbas Hilmi. Alionana pia na Lord Cromer, aliyeitawala Misri kwa niaba ya Uingereza hadi mwaka 1907, na huko Khartoum akazungumza na Gavana Mkuu wa Sudan, Sir Reginald Wingate. Kisha, katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, alifika pwani ya Afrika Mashariki, akapanda gari moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kisumu, akaendelea mpaka Uganda na chimbuko la Nile.

Orodha hiyo ya watu aliozungumza nao inajieleza yenyewe. Ni makhedive, mabalozi na magavana. Katika Kenya vilevile alipokewa vizuri na maofisa wa Kiingereza, nao walimwonyesha mipango yao ya mbele. Mwandishi wa barua ya kila wiki hana miezi ya kujifunza lugha. Huenda moja kwa moja kwa mtu mwenye ramani na takwimu, na katika nchi iliyotawaliwa, mwenye ramani na takwimu ni mtawala.

Reli aliyopanda ilikuwa ndiyo kwanza imetulia. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na kufika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mwendo wa maili 580 na zaidi. Zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Madaraja marefu 27 ya chuma katika sehemu ya bara yalijengwa na kampuni ya Marekani, na bila shaka msomaji wa Ohio aliposikia habari ya chuma cha kwao kilichovuka makorongo ya Afrika alijiona naye ana sehemu katika jambo hilo. Kwa kweli uhusiano wa Marekani na pwani hii ulikuwa wa zamani. Neno letu merikani, jina la kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa nchi hiyo katika karne ya 19, ni ushahidi wake.

Mombasa ya siku hizo ilimpokea mgeni kwa namna yake. Mabwana walitembezwa mjini katika vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake. Hii ni picha inayofaa kukaa katika mawazo ya mchunguzi. Abiria anaangalia mbele: mibuyu, ngome, bahari. Wanaomsukuma wako nyuma yake, na ili awaone ni lazima ageuke. Maandishi ya watalii wa miaka hiyo yameandikwa kutoka katika kiti hicho. Hata gari moshi lilikuwa kiti kikubwa zaidi cha namna hiyo, na nyanda za Athi zilizojaa wanyama zilipita dirishani kama picha ukutani. Reli yenyewe ilikuwa imeanza kujitangaza kwa wageni matajiri kwa sababu ya wanyama hao, na baada ya Theodore Roosevelt kufika kuwinda mwaka 1909, jina la nchi hii lilienea Marekani kote.

Yapo mambo yaliyokuwa nyuma ya kiti. Wamasai walikuwa wamehamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, na wangehamishwa tena kutoka Laikipia kwa ule wa mwaka 1911. Wanandi, waliopigana na reli na serikali kwa zaidi ya miaka kumi, walikuwa wamevunjwa nguvu baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905. Carpenter aliwaandika Wamasai, Wakikuyu na Wanandi, kila watu na mapambo yao, vibanda vyao na desturi zao za ndoa. Aliwaandika kama watu wa mahali, si kama watu waliotoka tu katika vita au waliokuwa njiani kuhamishwa. Na alipofika kwa watu wa Kavirondo, karibu na ziwa, uchache wa mavazi yao ulimpa jina la sura nzima ya kitabu, jina lililokusudiwa kumchekesha msomaji. Hapo ndipo tunapouona udhaifu wake waziwazi zaidi. Alikuwa mtu aliyehesabu kwa uangalifu bei ya mbuzi na ujira wa mpagazi, lakini uangalifu huo ulimwacha pale kicheko kilipokuwa bidhaa inayouzika.

6.0 Tatizo la Tarehe Tatu

Masimulizi ya Carpenter kuhusu nchi zetu yalikusanywa katika juzuu mbili za mfululizo wake wa safari za dunia. Ya kwanza ni Cairo to Kisumu iliyotolewa mwaka 1923, inayohusu Misri, Sudan na Kenya. Ya pili ni Uganda to the Cape ya mwaka 1924, inayopita Uganda, Zanzibar na Tanganyika hadi kusini mwa bara. Katika maneno yake ya awali mwandishi anakiri kwamba yaliyomo yametoka katika kumbukumbu za safari zake mbalimbali, kwamba pengine ameyaacha kama yalivyotoka kalamuni na pengine ameyarekebisha kidogo ili yalingane na hali mpya.

Kwa msomaji wa kitini, jambo hili halikuwa na athari kubwa. Kwa mwanahistoria ni mtego. Kati ya safari na uchapishaji, iliyokuwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilikuwa imegeuzwa Koloni la Kenya mwaka 1920. Watu walikuwa wamepelekwa kwa maelfu kuwa wapagazi katika vita vya 1914–1918, na wengi hawakurudi. Kipande kilikuwa kimewekwa shingoni mwa wafanyakazi wanaume. Machi 1922 Harry Thuku alikuwa amekamatwa, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Nchi iliyomo katika sehemu kubwa ya kitabu cha mwaka 1923 ni nchi iliyoonwa kabla ya hayo yote, ikiwa imevikwa jina jipya.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila anayeyatumia maandishi ya aina hii kama ushahidi atenganishe tarehe tatu: tarehe ya kuona, tarehe ya kuandika na tarehe ya kupiga chapa. Kwa wapelelezi wa karne ya 19 tarehe hizo hukaribiana. Kwa waandishi wa watalii zinaweza kuachana kwa miaka kumi na mitano au zaidi, na ukurasa wenye tarehe mpya ukawa na macho ya zamani. Mtafiti anayenukuu hali ya Nairobi ya mwaka 1923 kutoka kwa Carpenter bila kufanya uchunguzi huo atakuwa amehamisha mji mzima.

7.0 Msafiri wa Upande wa Pili

Ni haki kuuliza kama palikuwa na njia nyingine ya kuandika safari wakati huo. Jibu ni kwamba ilikuwapo, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1901, yaani miaka michache kabla ya kitabu cha Carpenter cha shuleni kuhusu Afrika, Carl Velten alitoa mjini Göttingen mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Humo mna masimulizi ya Selim bin Abakari kuhusu safari yake ya mwaka 1896 ya Urusi na Siberia. Huyu ni mtu wa kutoka upande wetu wa bahari aliyefuatana na mwajiri wake Mjerumani mpaka katika nchi za theluji, akayaeleza kwa nafsi ya kwanza yale aliyoyaona huko. Kwa mara hiyo, mimi ni wa huku, na wao ni watu wa Ulaya na Asia ya kaskazini.

Ulinganisho huu usifanywe kwa pupa. Selim naye alisafiri katika kiti cha mtu mwingine, naye aliandika kwa kuombwa. Kitabu chenyewe kilichapishwa kwa manufaa ya Wajerumani waliojifunza lugha yetu, hata wengi wa wazawa wa Kiswahili hawakupata kukiona. Lakini kuwako kwake kunatosha kuonyesha kwamba ukimya wa Mwafrika katika vitabu vya Carpenter haukutokana na kukosa la kusema, wala kukosa kalamu. Ulitokana na soko. Msomaji wa kitini wa Marekani hakuwa ameomba kusikia sauti hiyo, na Carpenter alikuwa mtumishi mwaminifu wa msomaji huyo.

8.0 Miaka ya Mwisho

Katika miaka yake ya mwisho Carpenter alikuwa na kazi ya kuzipanga safari za maisha mazima ziwe mfululizo mmoja wa vitabu. Frances, aliyemaliza masomo yake katika chuo cha Smith mwaka 1912, alikuwa amesafiri naye akiwa katibu na mpiga picha. Hivyo sehemu ya kazi inayobeba jina la baba ni jasho la binti, jambo ambalo wasomaji wa wakati huo hawakulifikiria sana.

Umri haukumfanya akae. Mwaka 1924, akiwa na miaka 69, alikuwa tena katika safari ya kuizunguka dunia, ya tatu katika maisha yake. Mwezi wa Juni alifariki dunia katika mji wa Nanking nchini China. Aliyetumia maisha yake kuwaletea dunia watu waliobaki nyumbani alifia mbali na nyumbani.

Frances aliendelea. Alisaidia kutoa vitabu vilivyobaki, kisha akaandika vyake mwenyewe, na anakumbukwa zaidi kwa mikusanyiko ya hadithi za jadi za China na za Korea aliyoiweka katika vinywa vya mabibi wanaowasimulia wajukuu. Inafaa kulitaja jambo hilo. Binti wa mtu aliyewatazama watu wa mbali alichagua umbo ambalo ndani yake, walau kwa kubuni, bibi wa Kichina ndiye msemaji. Mwaka 1951 aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani hazina ya picha alizozipiga na kuzikusanya yeye na baba yake, zaidi ya 15,000. Mwaka 1960 alitoa pia mkusanyiko wa barua za Washington za ujana wa baba yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1972.

9.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuyafuata maisha ya Frank Carpenter tangu Ohio hadi Nanking, na kuonyesha jinsi kazi yake ilivyoumbwa na mkataba wa barua moja kwa wiki, na na msomaji aliyeketi kitini. Tumeona kwamba mkataba huo ulimpa bidii, uwazi wa lugha na jicho la kuona vitu vidogo vya maisha: bei, chombo, chakula, ujira. Tumeona pia kwamba ulimnyima muda wa kujifunza lugha, ulimpeleka kwa watawala, na ulimfundisha kuuza kicheko pale ambapo angeweza kuuliza swali.

Si busara kumtupa. Picha zake na hesabu zake zina mambo ambayo watawala wenyewe hawakujali kuyaandika, na mtafiti wa historia ya mavazi, ya masoko au ya usafiri atayapata humo, mradi achunguze tarehe zake. Wala si busara kumwamini kama alivyoaminiwa na watoto wa shule wa nchi yake. Wajibu wa wanafunzi wetu ni kumsoma wakiwa wamegeuka: waache mandhari iliyo mbele ya kigari, wawaangalie wale wanaosukuma, na waulize walikuwa wakizungumza nini. Walizungumza Kiswahili. Carpenter alikuwa karibu nao kiasi cha kuwasikia, lakini hakuwaelewa. Sisi tunaielewa lugha hiyo, na kazi ya kulikamilisha simulizi lile ni yetu.